Kilichobaki Chupani

"Kuanzia kesho, mama, hakuna tone tena," Daktari alisema, akivua glavu kidole kimoja kimoja. "Buluu kwa nyeupe, zote zinasimama. Tumekwisha kuona dawa inafanya nini ikiwa mwilini. Sasa tuone inafanya nini ikitoka."

Mwanamke aliyeambiwa maneno hayo alikuwa na panya mkononi, amemfungua kinywa, na bomba la sindano lisilo na ncha limeinamishwa tayari. Tone likaangukia mezani. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ya kutunza panya wa maabara ile hakuwahi kumwaga tone, lakini Daktari hakuona. Alikuwa mtu mwema, Daktari, ila wema wake ulikuwa ule wa watu wa vitabu: akikutazama, anaona kilicho nyuma yako.

"Ghafla hivyo?" mwanamke akauliza. "Bila kupunguza kwanza?"

"Ghafla. Ndiyo maana yake."

"Na hizi zilizobaki chupani?"

"Mwaga kwenye sinki kama kawaida. Leo osha na chupa zenyewe uzirudishe stoo."

Mtaani walimwita Mama Panya. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo jina hilo lilikuwa na mwiba ndani, lakini alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Zaidi ya hayo, kweli ni kweli: panya ndio waliolisha nyumba yake. Tangu mumewe agongwe na pikipiki, hakuna mwingine pale nyumbani aliyeleta kitu.

Panya wa chumba kile nao walikuwa wamegongwa. Waligongwa kitaalamu, wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa, mpaka akili zao zikaacha kutulia. Kila asubuhi walitiwa mmoja mmoja ndani ya sanduku lenye vitundu ukutani. Taa huwaka ndani ya kitundu kimoja, na panya akiwahi kutia pua pale penye mwanga hupata maziwa matamu. Panya mzima hujifunza upesi kuliko mtoto wa shule. Panya aliyegongwa huianza safari ya kwenda kwenye taa, akifika katikati anasimama, anapangusa masharubu, na safari yenyewe anaisahau.

Dawa waliyopewa ilitokana na homoni. Daktari alimweleza siku moja alipokuwa na raha zake: ni ile ile ambayo mwili wa mwanamke mjamzito huitengeneza kwa wingi, wataalamu wakaigeuza kidogo ili iende kutuliza ubongo ulioumia. Ilitoka stoo katika chupa mbili zisizo na jina, moja ya kifuniko cha buluu na moja ya kifuniko cheupe. Moja ilikuwa dawa, nyingine maji tu yenye ladha ile ile. Ipi ni ipi, yeye hakuambiwa, na Daktari mwenyewe hakuambiwa. Aliyejua ni mama mmoja wa stoo peke yake. Ndivyo kazi ile inavyofanywa, kwa sababu ukipenda, chongo utaita kengeza, na Daktari aliipenda mno dawa yake.

Lakini haikuhitaji miwani. Haukupita muda, panya wa mstari wa buluu wakawa wanakwenda kwenye taa moja kwa moja, kama watu waliotumwa. Mwanamke akawatazama, akamkumbuka mtu aliyemwacha nyumbani, na moyo ukamwambia jambo ambalo alipaswa kulikemea palepale. Hakulikemea. Masalio ya chupa ya buluu, yale ya kumwagwa kila jioni, akaanza kuyamimina ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Kichupa akakificha kifuani, mahali ambapo mlinzi wa getini, pamoja na kupekua kwake mifuko ya watu kama anatafuta dhahabu, hakuthubutu kupekua.

Hakuiba. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Aliokoa kitu kilichokuwa kinakwenda kwenye mfereji.

Jioni hiyo ya mwisho aliokoa yote, hata ya kusuuzia.

*

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe cherehanini, miwani puani, pini mdomoni. Alikuwa anatia bitana kwenye koti. Wanaojua ushonaji wanajua kwamba bitana ya koti haitaki mtu mwenye haraka wala mtu mwenye mawazo. Ukipitiwa kidogo tu, koti linakunjika mgongoni, na mwenye koti ataonekana kibyongo maisha yake yote.

"Fundi," mkewe akasema. Kila mtu alimwita Fundi, na yeye alianza kumwita hivyo kabla hawajaoana, kwa utani, na utani ukaota mizizi.

Fundi alitoa pini mdomoni kwanza. "Umechelewa leo, bibie. Panya walikuaga mmoja mmoja?"

Mwanamke akacheka, na huku anacheka machozi yakamlenga. Kabla ya dawa, mtu huyu hakuweza kumaliza sentensi. Alianza kushona mkono wa shati, akasikia ndege, akaenda mlangoni kumtazama ndege, akarudi akaanza shati lingine. Alimkatia mteja mmoja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mteja hakugomba. Aliivaa, akapita nayo mtaa mzima akichechemea kwa makusudi, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pake. Naye alicheka, maana hakuelewa kwamba anayechekwa ni yeye. Hilo ndilo lililomuumiza mkewe.

"Mungu hamtupi mja wake," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake karibu na jiko. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye ulimi uliokaa tayari. "Watu wanasema vitamini, vitamini. Vitamini gani? Ni dua zangu. Magoti haya yameota sugu."

"Ni dua zako, mama," mkwewe akajibu.

"Na wewe usiache kuniitikia kama kasuku. Kama dua zinasikiwa, basi na tumbo lako nalo litasikiwa."

"Mama," Fundi akasema, bila kuinua macho kwenye bitana. "Mwache mwenzangu apumzike." Akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu. "Nipe na vitamini zangu kabisa."

Alimpa kijiko kimoja kutoka kichupa kile, ambacho nyumbani alisema ni vitamini. Kipimo hicho hakukitoa popote. Panya ni tone, mtu ni mkubwa, akaweka kijiko. Kisha alikwenda nyuma ya pazia akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa hakijajaa hata nusu.

*

Panya wa buluu hawakuonyesha kitu mwanzoni. Mwanamke akaanza kupata tumaini, na tumaini la mtu mwenye shida ni kitu kibaya, halijui kunyamaza. Labda wamekwisha kupona, alijiambia. Labda dawa imefanya kazi yake na kwenda zake.

Kisha asubuhi moja alifungua mlango akasikia sauti ambayo chumba kile hakikuwa nayo. Ilikuwa kwaruzo la meno kwenye waya. Mstari mzima wa buluu ulikuwa unatafuna vizimba. Panya waliokuwa wakilala kwa kurundikana, mmoja juu ya mwenzake, sasa kila mmoja amejibanza kwenye pembe yake, manyoya yamesimama. Alipotia mkono wakaruka kama mkono ule una moto. Mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga hewa, macho yako wazi hayaoni. Kisha akatulia. Kisha akaanza tena.

Daktari aliitwa, akaja mbio, akavuta kiti.

"Safi," alisema kwa sauti ya chini. "Safi sana. Mama, usiwaguse. Tuangalie tu."

"Wanateseka, Daktari."

"Ubongo ulizoea kushikwa mkono, sasa mkono umeachiliwa. Unayumba. Ndivyo tulivyodhani itakuwa."

"Watapona?"

"Wengine."

"Na wakirudishiwa?"

Daktari akageuka. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. "Swali zuri. Wale wa majaribio ya mwanzo tuliwarudishia, tukawa tunapunguza kidogo kidogo. Wengi walitulia. Ila hawa hatuwarudishii. Kwa nini unauliza?"

"Nawahurumia tu," alisema mwanamke.

"Na mtu je?" akaongeza. Hakuweza kuuzuia mdomo wake.

"Mtu yupi? Hii haijapata kupewa mtu."

Akaenda chooni akafunga mlango, akahesabu vidoleni vijiko vilivyobaki kwenye kichupa.

*

Akaanza kupunguza mwenyewe. Alimsikia Daktari akisema kidogo kidogo, akalishika neno hilo. Kijiko kikawa nusu, nusu ikawa ncha ya kijiko, na kichupa akakiongeza maji ya bomba ili Fundi asiulize. Lakini ili upunguze lazima uwe na akiba, na yeye alikuwa anapunguza kitu kinachokwisha. Kichupa kilimkimbia.

Fundi alianza kwa kutolala. Kisha jasho. Kisha sauti za kawaida zikawa zinamuumiza: mfuniko wa sufuria, mtoto wa jirani akiita, mkasi kuwekwa mezani. Mkasi aliuweka yeye mwenyewe, na mwenyewe akashtuka.

"Vitamini zimepungua nguvu," akamwambia mkewe. "Zina ladha ya maji."

"Ni zile zile."

"Usinifanye mtoto. Ulimi ni wangu."

Siku ile mwenye koti alipokuja kujaribisha, mtu mzito wa ofisini, Fundi alikuwa na chaki mkononi. Alipiga mstari begani mwa mteja, mstari ukaenda mpaka shingoni, kwenye ngozi.

"Wewe Fundi umelewa?" mteja akauliza.

"Hanywi mwanangu!" mama mkwe akadakia.

"Basi ana nini? Niliambiwa huyu amepona. Kumbe mmenifanya mimi ndiye wa kujaribia." Akavua koti, akalitupa juu ya cherehani. "Nitalifuata kesho. Likiwa na kasoro, mtanijua."

Fundi alivuta kiti. Alikaa, akaliweka koti chini ya sindano, akakanyaga. Mkewe alimwona mgongo ukikakamaa chini ya shati. Alimwona akiinua kichwa taratibu, kana kwamba ameitwa na mtu aliye darini. Mguu wake haukuacha kukanyaga. Ulikanyaga kwa kasi ambayo si ya mtu anayeshona, na sindano ikapita bitanani, ikapita kwenye kidole chake cha shahada, ikatoka, ikapita tena. Fundi hakulia. Alianguka na kiti chake, mkono ukiwa bado umeshonwa kwenye koti, macho wazi.

Mama mkwe alipiga ukelele uliokusanya mtaa. Mkewe alikuwa amekwisha kupiga magoti, akijaribu kumlaza ubavu, na akilini mwake kulikuwa na neno moja tu: buluu, buluu, buluu.

*

Hospitalini waliwauliza maswali yale yale kwenye madirisha matatu. Anatumia dawa yoyote? Kwenye dirisha la kwanza mwanamke alisema vitamini. La pili akasema vitamini. Kwenye la tatu aliyejibu ni mama mkwe, na akaongeza na dua.

Tabibu wa zamu, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, alimchoma Fundi sindano. Degedege likakatika. Baada ya muda likarudi. Akamchoma nyingine. Likakatika, likarudi, mara hii likiwa refu zaidi, na povu lilitoka na damu kwa sababu alikuwa ameuma ulimi.

"Sindano zetu zinamtuliza kisha zinamwacha," tabibu alisema. Akawavuta wote wawili kando ya pazia. "Nisikilizeni. Kuna kitu hamniambii. Aligongwa kichwa zamani, sawa. Lakini hii haifanani na kichwa. Hii inafanana na mtu aliyekatishwa kitu. Nikiendelea kupapasa gizani nitampoteza. Alikuwa anatumia nini?"

Mama mkwe alitaka kusema. Mkwewe akamshika mkono.

Kuna wakati mtu hujiona akisimama kwenye njia mbili, na watu husema ni mgumu. Si kweli. Mgumu ni ule wa kabla yake, unapojidanganya kwamba njia ni moja. Mwanamke alijua akifungua mdomo kazi imekwenda, na pengine na yeye mwenyewe amekwenda, kwa wizi. Alijua vilevile miguu ya yule panya aliyelala ubavu, ilivyopiga hewa.

"Nilikuwa nampa dawa ya kazini kwangu," alisema. "Ya majaribio. Ya panya."

"Sumu ya panya?" tabibu akashtuka.

"Si sumu. Ni ya kuwatibu, panya walioumia ubongo. Imetokana na homoni, ya wajawazito."

"Inaitwaje?"

"Haina jina. Ina kifuniko cha buluu."

Tabibu alimkazia macho kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Aliyecheka ni mama mkwe, kicheko kibaya, cha mtu aliyepigwa.

"Mimba hujabeba," alisema, "ukaona umlishe mwanangu maji ya wajawazito na makombo ya panya. Nami nikawa nasujudu, nashukuru! Nashukuru makombo ya panya!" Akamzaba kofi. Si kubwa. Mkono wake ulikuwa wa kizee, hauna nguvu, na mwanamke alitamani ungekuwa nazo.

*

Daktari aliitwa kwa simu, akaja na shati la nyumbani. Alisikiliza akiwa amesimama kwenye ukumbi wa hospitali, katikati ya watu wanaosubiri na vikapu vyao, na uso wake ukawa unabadilika rangi.

"Unajua umenifanya nini?" alisema. "Unajua?"

"Najua, Daktari. Nipeleke popote. Lakini kwanza mwambie tabibu ile ni nini."

"Siijui! Ndiyo kazi yenyewe, nisiijue mpaka mwisho. Nikimuuliza mama wa stoo leo, jaribio limekufa. Watu watasema nilijua ipi ni ipi tangu mwanzo, nikaona nilichotaka kuona."

"Mume wangu naye anakufa."

Alisema bila kupaza sauti. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akainamisha kichwa. Daktari alishika simu, akaiangalia, akaitia mfukoni. Akaitoa tena. Mwanamke alimtazama akipiga, akasikia akiuliza, akamwona akifumba macho alipojibiwa. Buluu ndiyo dawa. Kana kwamba kuna aliyekuwa hajui.

Alimtajia tabibu jina la kitu kile, neno refu lenye namba ndani yake. Tabibu akamuuliza dawa ya kuivunja nguvu. Hakuna. Akauliza walichofanya kwa panya. Kurudishia, Daktari alisema, kisha kupunguza polepole, tone kwa tone.

"Siwezi kumpa mgonjwa kitu ambacho hakijapewa mtu," tabibu alisema. "Nitaendelea na sindano zangu. Zikishindwa, zimeshindwa." Akasimama kidogo. "Nina mgonjwa kitanda cha mwisho kule. Nitakaa naye kwa muda."

Akaenda, na hakugeuka nyuma.

Wakabaki wawili kwenye benchi. Daktari alifuta miwani yake. Kisha alianza kuuliza, kwanza kama mtu anayepoteza muda. Kijiko kizima au nusu? Asubuhi au jioni? Alianza lini kukaa kitako? Aliweza kutunga uzi mwenyewe? Hasira zilianza kabla ya jasho au baada? Alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, tamu, na mwanamke alijibu mara mbili tatu kabla hajaitambua. Ilikuwa sauti yake ya mbele ya vizimba.

"Daktari," alisema.

"Nikikushtaki, utafungwa," Daktari akasema haraka, bila kumtazama, "na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi. Sote tutazama. Nisiposema, dawa nyingine ipo stoo, ninaweza kuitoa. Nampunguzia mwenyewe, kwa kipimo, si kwa kijiko cha chai. Lakini lazima nimwone kila siku. Nimpime. Taa, vidole, usingizi, kila kitu. Ukimya kwa ukimya. Unanielewa?"

Alimwelewa vizuri. Alimwelewa kuliko alivyotaka kueleweka. Kule nyuma ya pazia kitanda kilianza tena kutikisika, vyuma vikigonga ukuta.

"Kailete," alisema.

*

Daktari alirudi na chupa ndani ya mfuko wa mkate. Fundi alikuwa ametulia kati ya degedege moja na jingine, amechakaa, kidole kimefungwa bendeji nene, midomo imevimba. Alikuwa anawatambua. Hilo lilikuwa baya zaidi, kwamba anawatambua.

Mkewe alipopokea kwa Daktari lile bomba la sindano lisilo na ncha, mama mkwe akamzuia kwa kiwiko.

"Aambiwe kwanza," alisema mama mkwe.

"Mama, hakuna muda."

"Aambiwe. Mwanangu si kikombe cha kumiminiwa. Ulimnywesha hajui, ukatuleta hapa. Sasa anywe anajua, au asinywe."

Daktari aliangalia upande wa kitanda cha mwisho, akang'ata mdomo. Mwanamke akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Fundi," alisema. "Zile vitamini hazikuwa vitamini. Ni dawa ya kazini kwangu. Ya panya."

Fundi alimtazama. Maneno yalikuwa yanamfikia polepole, kama mgeni asiyejua nyumba.

"Wale wa kwako?"

"Wale waliogongwa kichwa. Walipopewa wakatulia. Nikasema na wewe utulie. Kisha ikaisha."

"Kisha wao wakawa hivi?"

"Hivi hivi."

Aliyafunga macho. Kope zilikuwa zinamcheza. Mkewe alidhani anaondoka tena, akakaribia, lakini aliyafungua, na alipoyafungua yalikuwa yanamtazama Daktari, na mfuko wa mkate, na saa mkononi mwake.

"Huyu ndiye mwenyewe?"

"Ndiye."

"Anataka nini kwangu?"

"Akupe, halafu akupunguzie. Akuangalie."

"Mkishamaliza na hao panya," Fundi akamuuliza Daktari, ulimi mzito, kila neno akilibeba, "mnawapeleka wapi?"

Daktari akarekebisha miwani. "Ndugu yangu, hilo halihusiani kabisa na hali yako. Mtu ni mtu."

Fundi hakungoja amalize. Akamgeukia mkewe. "Sema wewe."

Mama mkwe aliziba mdomo kwa pindo la nguo. Mwanamke angeweza kusema hajui. Angeweza kusema wanaachiwa, wanazeeka, wanakufa usingizini. Alikuwa amekwisha kumwambia uongo mwingi kwa ajili ya kumponya, na huu mmoja nao angeusamehewa.

"Wanauawa," alisema. "Wanafunguliwa vichwa, watu watazame ndani. Mimi ndiye ninayewabeba mpaka mezani."

Vidole vya mkono mzima wa Fundi vilitafuta kitu cha kushika juu ya shuka.

"Huwa hawakuumi? Unapowabeba?"

"Hapana," alisema mkewe. "Wameuzoea mkono wangu."

Mumewe alimtazama. Hakuna aliyejua anaona nini, na mkewe hakuthubutu kukisia. Kisha Fundi akainua kidevu kidogo kutoka kwenye mto, akafungua kinywa, akasubiri. Mwanamke akaweka kidole gumba chini ya taya lake, akainamisha bomba. Kwenye ncha ya kitanda Daktari akatazama saa.